Zimwi, Jitu au Mtu? Uhakiki wa Majina ya Mtu wa Mwitu katika Tafsiri

UTANGULIZI

Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, paka wa mfalme anaachwa ale wanyama wa watu, kisha ale watu wenyewe, hata mwisho anageuka kuwa nunda mla watu. Mwana mdogo wa mfalme anaondoka kwenda kumtafuta. Kila amwuapo mnyama humleta nyumbani akidhani ndiye nunda, na kila mara mama yake humjibu kwamba siye. Huanza na mbwa, akaendelea na wanyama wakubwa zaidi hata akafikia tembo, na jibu likawa ni lile lile. Anampata nunda wa kweli baada tu ya kuelezwa sifa zake moja moja: masikio yake, mkia wake, madoa yake na umbo la mwili wake.

Ngano hiyo yafaa iwekwe mbele ya kila mtafsiri anayekutana na majina ya viumbe wanaosemekana kuwa nusu watu na nusu wanyama, wenye miili iliyofunikwa na nywele, wakaao milimani na misituni. Viumbe hao wanasimuliwa karibu katika kila bara. Wako yeti wa Himalaya, almas wa Mongolia, yeren wa China, sasquatch wa Kanada, abnauayu wa Abkhazia, na wengine wengi. Vitabu vya Ulaya na Marekani vimezoea kuwaorodhesha pamoja kana kwamba wote ni kiumbe mmoja mwenye majina mengi. Msomaji wa Kiswahili anapoletewa orodha hiyo, naye mara nyingi huletewa kwa neno moja tu: zimwi, au jitu, au mtu mwitu. Ni kama mwana wa mfalme anayemkokota mbwa nyumbani na kumwita nunda, bila mama wa kumkanya.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki majina hayo kwa upande wa lugha. Hayachunguzi kama viumbe hao wapo. Yanachunguza jinsi majina yao yalivyohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, ni kitu gani kilichopotea njiani, na ni mtu gani aliyeumia kwa upotevu huo. Mwishoni yanajadili ni nyenzo zipi Kiswahili kinazo ambazo mtafsiri angaliweza kuzitumia vizuri zaidi.

MAKUNDI YA MAJINA

Majina yakitazamwa kwa maana zake za asili, yanagawanyika katika makundi ambayo hayafai kuchanganywa.

Kundi la kwanza ni la majina yanayomtaja mtu na makao yake. Katika Kimalei ‘orang’ ni mtu na ‘hutan’ ni msitu. Katika Kichina ‘yeren’ ni mtu wa porini. Neno la Kiabkhazia ‘abnauayu’ lina maana hiyo hiyo ya mtu wa msitu, na Kitibeti kina ‘mi rgod’, yaani mtu mwitu. Kilatini cha wanazuoni wa Ulaya kilikuwa na ‘homo sylvestris’. Hata neno la Kifaransa ‘sauvage’, ambalo leo hutafsiriwa ‘mshenzi’ au ‘katili’, asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya ‘-a msituni’. Katika majina yote hayo kiumbe anaitwa mtu kwanza, kisha ndipo anapotajiwa mahali.

Kundi la pili ni la majina yanayomtaja mnyama. Hapa ndipo linapoingia jina la yeti, kama itakavyoelezwa. Kundi la tatu ni la majina ya pepo na viumbe vya kutisha, ambavyo wasimulizi wenyewe hawakuwahi kuviweka katika daraja la wanyama wa kuwindwa. Mwaka 1832 Brian Hodgson, Mwingereza aliyeishi Nepal, aliandika kwamba watu waliokuwa wakimkusanyia wanyama walimkimbia kiumbe mwenye nywele waliyemwita ‘rakshas’. Neno hilo katika Kisanskriti ni jina la pepo mbaya wa masimulizi ya kidini. Wale watu walitaja pepo. Waliokuja baadaye kusoma maandishi hayo walitafuta mnyama.

Kundi la nne ni changa, nalo ni la majina yaliyozaliwa magazetini. Jina ‘sasquatch’ liliundwa na J. W. Burns, mwalimu aliyefundisha katika makazi ya Wahindi Wekundu wa Chehalis katika jimbo la British Columbia, kutokana na neno la lugha yao ya Kihalkomelem. Alilitangaza katika jarida la Maclean’s mwaka 1929. Bigfoot, yaani Mguu Mkubwa, lilienea kutoka gazeti la California mwaka 1958 baada ya nyayo kubwa kuonekana mahali palipokuwa pakichongwa barabara, Bluff Creek. Mwaka 2002, alipofariki Ray Wallace aliyekuwa mkandarasi wa kazi ile, jamaa zake walieleza kwamba yeye ndiye aliyezipiga nyayo hizo kwa miguu ya kuchonga ya mti. Hapa jina halikumfuata kiumbe wala imani; lilifuata alama ya udongoni tu. Kulitia jina hilo katika orodha moja na ‘rakshas’ ni kuyachanganya mambo mawili yasiyokuwa na udugu.

CHUKIZO LILILOZULIWA

Mfano ulio maarufu kuliko yote wa tafsiri mbaya ni ule wa mwaka 1921. Msafara wa kwanza wa Waingereza wa kuupeleleza mlima Everest, chini ya uongozi wa Charles Howard-Bury, uliona nyayo katika theluji mahali pa juu sana. Howard-Bury mwenyewe alidhani ni nyayo za mbwa mwitu. Wapagazi walisema ni za kiumbe ambaye jina lake liliandikwa ‘metoh-kangmi’. Habari ilipofika India, mwandishi wa gazeti aitwaye Henry Newman aliwahoji wapagazi, akalitafsiri jina hilo kwa Kiingereza kuwa mtu wa theluji wa kuchukiza. Jina hilo la Kiingereza lilizunguka dunia nzima kabla ya mtu yeyote kuuliza kama tafsiri ni sahihi.

Haikuwa sahihi. ‘Kangmi’ kweli ni mtu wa theluji, lakini katika sehemu ya kwanza ya jina hakuna chukizo lolote. Wataalamu wa lugha za huko wanaona ndani yake neno ‘mi’, mtu, na neno linalotaja dubu. Jina ‘yeti’ nalo linaelezwa kuwa limetokana na maneno mawili, moja la jabali na la pili la dubu. Wasimulizi wa Kisherpa walikuwa pia na ‘dzu-teh’, ambalo ndani yake mna ng’ombe na dubu, kwa kuwa huyo alijulikana kwa kuwinda mifugo. Kumbe mpagazi wa Himalaya alikuwa na mfumo mzima wa majina wa kupambanua dubu huyu na dubu yule, na dubu anayefanana na mtu. Newman aliufuta mfumo huo kwa kivumishi kimoja, na baadaye mwenyewe alieleza jinsi jina lile lilivyompendeza hata akalipeleka magazetini.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba utafiti wa baadaye ulikuja kukubaliana na etimolojia. Msafara wa Edmund Hillary wa mwaka 1960 na 1961 uliazima kutoka Khumjung kile kilichosemekana kuwa ngozi ya kichwa cha yeti, ikaonekana imetengenezwa kwa ngozi ya serow, mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Mpanda milima Reinhold Messner, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alifikia uamuzi kwamba simulizi hizo zina dubu nyuma yake. Mwaka 2017 matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi yalichapishwa: kati ya vitu 9 vilivyodaiwa kuwa mabaki ya yeti, 8 vilikuwa vya dubu na 1 kilikuwa cha mbwa. Dubu alikuwa katika jina tangu mwanzo. Aliyempoteza ni mtafsiri.

Mtafsiri wa Kiswahili anayelichukua jina hilo kupitia Kiingereza hulirithi kosa pamoja na jina. Akiandika ‘mtu wa theluji wa kuchukiza’, ameitafsiri vyema lugha ya Newman, lakini Mtibeti hakusikika. Na akiandika ‘zimwi la theluji’, ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, kwa kuwa mpagazi hakusema kuwa kiumbe huyo ni zimwi.

CHEMOSIT NA DUBU ASIYEKUWAPO

Hapana haja ya kwenda mpaka Himalaya ili kuliona kosa la namna hiyo. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, alimweleza chemosit kama walivyomsimulia Wanandi: nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja, mwenye kinywa chekundu kiwakacho usiku kama taa, atembeaye kwa kuegemea fimbo iliyo kama mkuki. Kila msomaji wa fasihi simulizi atamtambua mara moja kuwa ni jamaa wa wale viumbe wa ngano wanaokula watoto. Katika maelezo hayo hamna dubu, wala mnyama wa manyoya wa aina yoyote.

Hata hivyo walowezi wa Kizungu waliokaa nyanda za juu za Uasin Gishu na Nandi, waliokuwa wakisimuliana habari za mnyama mkubwa asiyejulikana, waliliokota jina hilo la chemosit wakalibandika juu ya mnyama wao. Kisha wakampa jina la Kiingereza, dubu wa Nandi, ilhali Afrika kusini ya Sahara haina dubu. Tangu hapo vitabu vya viumbe vya ajabu vimekuwa vikimtaja chemosit kana kwamba Wanandi wenyewe walishuhudia kuwapo kwa dubu. Mwendo huu ni kinyume cha ule wa Himalaya: kule dubu wa wenyeji aligeuzwa mtu wa kuchukiza, na huku kiumbe wa ngano aligeuzwa dubu. Kanuni iliyotumika ni moja, yaani kuwa mwenye jina hakuulizwa.

Mfano wa tatu unawagusa moja kwa moja wasomi wa Kiswahili. William Hichens, ambaye jina lake linajulikana kwa kuhariri Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka mwaka 1940, aliandika katika jarida la Discovery mwaka 1937 makala juu ya wanyama wa ajabu wa Afrika. Alieleza humo kwamba alipokuwa Tanganyika akimvizia simba mla watu aliwaona viumbe wawili wadogo, wa kimo cha kama futi 4, wenye nywele za rangi ya hudhurungi, wakikatiza uwanja mdogo msituni. Mwindaji aliyefuatana naye alimwambia kwamba hao ni ‘agogwe’.

Jambo la kuhakikiwa hapa si macho ya Hichens bali ni kalamu yake. Mtu huyu, aliyejishughulisha na matini za Kiswahili mstari kwa mstari, aliliacha neno la mwindaji liingie katika Kiingereza kama lilivyosikika, likasimama katika masimulizi kama jina la spishi. Neno hilo, kwa umbo liliyoandikwa nalo, halionyeshi kiambishi cha ngeli ambacho Mswahili angaliweza kukitambua mara moja na kukitafutia umoja na wingi wake. Uangalifu aliostahiki kupewa Muyaka hakupewa mwindaji, ingawa wote wawili walikuwa wakitumia lugha zenye kanuni. Tofauti ni kwamba mmoja alihesabiwa kuwa mshairi na mwingine alihesabiwa kuwa shahidi tu.

ZIMWI NA JAMAA ZAKE

Sababu kubwa inayowafanya watafsiri walipende neno ‘zimwi’ ni kwamba linapatikana kwa urahisi na linaogofya. Lakini neno hili lina nasaba ndefu ambayo hailiruhusu kubebeshwa kila mzigo. Shina lake limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Kigikuyu kina ‘irimũ’, na wingi wake ‘marimũ’, mla watu wa ngano. Kizulu kina ‘izimu’ na ‘amazimu’. Kikamba kina ‘aimu’, roho za waliokufa. Kisotho kina ‘ledimo’, mla watu, na pia ‘Modimo’, ambalo ni jina la Mungu. Kiswahili chenyewe kina ‘mzimu’, ‘mizimu’ na ‘kuzimu’. Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu, aliwapa viumbe hao sura nzima.

Kinachodhihirika katika orodha hiyo ni kazi ya ngeli. Shina ni moja, lakini kiambishi ndicho kinachoamua kama msikilizaji aheshimu, aogope au akimbie. Mzimu hutambikiwa, zimwi hukimbiwa, kuzimu ni mahali ambapo kila mtu atafika. Zimwi, basi, si mnyama asiyejulikana na sayansi. Ni jamaa ya wafu aliyetoka katika utaratibu wa ukoo, akawa anawala wale ambao mzimu ungaliwalinda. Ndiyo sababu katika ngano zimwi huweza kuoa, kujenga nyumba, kuzungumza na kudanganya. Ndiyo sababu pia methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha ina maana: kujuana ni jambo la jamii, na zimwi liko ndani ya jamii kwa namna yake ya kutisha. Yeti hamjui mtu yeyote. Methali hiyo haiwezi kusemwa juu ya dubu wa majabali.

Upatanisho wa kisarufi nao unastahili kutazamwa. Methali hiyo inatumia upatanisho wa li-, lakini wasimulizi wengi husema pia ‘zimwi akaja’, ‘zimwi akamwambia’. Wanasarufi wa kisasa hupenda kuliweka neno hili pamoja na viumbe hai na kuipa a- haki peke yake. Katika simulizi, hata hivyo, uhuru wa kuchagua una faida. Zimwi linapokuja kuposa likiwa limevaa sura ya kijana mzuri, msimulizi anaweza kumpa a-. Na linapofichua kinywa chake, anaweza kulirudisha katika li-. Msikilizaji anaitambua hatari katika kitenzi kabla haijatajwa. Kiingereza kinaweza kubadili viwakilishi vyake, lakini hakiwezi kuifanya sentensi nzima igeuke pamoja na kiumbe. Mtafsiri anayeifuta tofauti hiyo kwa kuogopa kukosea sarufi anaitupa silaha bora aliyokuwa nayo.

NYWELE, MALAIKA NA MANYOYA

Sifa inayowaunganisha viumbe wote hao katika orodha za Kizungu ni nywele za mwilini. Na hapa Kiswahili kinamlazimisha mtafsiri kuamua jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza anaweza kulikwepa. Neno moja la Kiingereza linatosha kutaja zilizo kichwani pa mtu, zilizo mkononi mwake, na zilizo mgongoni mwa mnyama. Kiswahili kina nywele kwa kichwa cha mtu, malaika kwa mwili wake, na manyoya kwa mnyama na ndege. Mwandishi wa Kiswahili hawezi kuueleza mwili wa yeti bila ya kutoa hukumu. Akiandika kuwa mwili wake umejaa malaika, amemfanya mtu. Akiandika kuwa una manyoya, amemfanya mnyama. Akiandika kuwa nywele zimemfunika mwili mzima, amemfanya mtu aliyekosa mpaka.

Njia hii ya tatu ndiyo inayomfaa Enkidu wa utenzi wa Gilgamesh, mmoja wa watu wa mwitu wakongwe kabisa katika fasihi iliyoandikwa. Enkidu anaumbwa akiwa na nywele mwili mzima, anakula majani na swala na kunywa maji nao kisimani. Halafu anaingizwa katika utu kwa njia ya mwanamke, mkate na pombe. Maana nzima ya kisa chake ni kwamba alikuwa mtu tangu mwanzo. Mtafsiri atakayempa manyoya katika sura ya kwanza atakuwa ameifunga njia ambayo Enkidu anapaswa kuipita katika sura ya pili. Kinyume chake, atakayempa nunda malaika atawachekesha watoto.

Huu ndio ushahidi kwamba uchaguzi wa msamiati katika jambo hili si pambo. Ni uamuzi juu ya nani ni mtu, unaofanywa kabla ya hoja yoyote kutolewa.

JINA LINAPOMWANGUKIA MTU

Ingekuwa madhara ya majina hayo yamekomea katika vitabu vya burudani, suala hili lingaliweza kuachiwa watunga kamusi. Lakini historia inaonyesha kuwa majina ya mtu wa mwitu hayakai msituni. Hutafuta mwili wa kuvaa.

Masimulizi ya Hanno wa Carthage, yaliyohifadhiwa kwa Kigiriki, yanaeleza jinsi mabaharia wake walivyokutana katika pwani ya Afrika ya Magharibi na watu wenye nywele mwili mzima, ambao wakalimani waliwaita Gorillai. Wanawake watatu walikamatwa, wakapambana kwa kung’ata na kukwaruza, wakauawa, na ngozi zao zikapelekwa Carthage. Mwaka 1847 mmisionari Thomas Savage, aliyepata mafuvu huko Gabon, alilichukua jina hilo akampa sokwe mkubwa. Tangu hapo wasomaji wengi wamemsoma Hanno kwa utulivu, wakiamini kwamba waliouawa na kuchunwa walikuwa wanyama. Matini yenyewe inawaita wanawake. Utulivu wa msomaji umeletwa na jina lililotolewa zaidi ya miaka 2,000 baada ya tukio.

Mwaka 1699 Edward Tyson wa London alichapisha uchunguzi wa mwili wa kiumbe mdogo aliyeletwa kutoka Angola. Katika anwani ya kitabu chake alimwita kwa pamoja orang-utan, mtu wa msitu na mbilikimo. Alikuwa sokwe mchanga. Majina matatu, moja la Kimalei, moja la Kilatini na moja la watu wafupi wa masimulizi ya Kigiriki, yalirundikwa juu ya maiti moja, na mpaka baina ya mnyama na taifa la watu ukafutwa kwa herufi za chapa. Matunda ya mchanganyiko huo yalionekana Septemba 1906, wakati Ota Benga, kijana wa Kongo, alipowekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, pamoja na orang-utan. Ule mtu wa msitu wa Kimalei na huyu mtu halisi wa msitu wa Kongo walitazamwa na umati kupitia vyuma vile vile. Ota Benga alijiua mwaka 1916.

Kisa cha Zana kinaelekea karibu zaidi na nyumbani. Huyu alikuwa mwanamke aliyeishi Abkhazia, kando ya Bahari Nyeusi, katika karne ya 19. Ilisimuliwa kwamba alikamatwa msituni, hakuwa na lugha, mwili wake ulikuwa mweusi na wenye nywele, akapitishwa kutoka bwana mmoja hadi mwingine, akazaa na wanaume wa kijijini. Watu walimwita kwa jina la mtu wa msitu. Katika karne ya 20 Boris Porshnev, mwanahistoria wa Kisovieti, na wafuasi wake walimtaja kama ushahidi kwamba mabaki ya watu wa kale sana yangaliko duniani. Kaburi la mwanawe Khwit lilifukuliwa mwaka 1971. Mwaka 2021 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za mama na mwana, na matokeo yalikuwa kwamba Zana alikuwa binadamu kama wengine, na kwamba nasaba yake ya karibu inaelekea kuwa ya watu wa Afrika ya Mashariki. Walikisia pia kwamba huenda alikuwa na maradhi ya kuota nywele kupita kiasi.

Kwamba Waafrika walifikishwa katika nchi za Bahari Nyeusi kwa biashara ya utumwa ya dola la Uturuki ni jambo linalojulikana katika historia. Kwa hiyo yule aliyeandikwa katika vitabu kwa zaidi ya nusu karne kuwa mfano bora wa almas jike huenda mababu zake walizungumza lugha ambayo leo inafundishwa katika vyumba vya idara za lugha za Kiafrika. Inasemekana hakuwa na lugha. Waliosema hivyo walikuwa watu wasioifahamu lugha yoyote ya Afrika.

Wala Waswahili hawana haki ya kulihukumu jambo hili wakiwa mbali nalo. Neno ‘mshenzi’ lilitumiwa pwani kwa karne nzima na zaidi kuwataja watu wa bara, kwa dhana ile ile iliyomo katika ‘sauvage’. Neno ‘mbilikimo’ liliwapima watu kwa urefu wao na kuacha majina yao wenyewe, Batwa na Bambuti. ‘Sokwe mtu’ ni neno zuri la kumtaja mnyama anayemkaribia binadamu. Lakini likigeuzwa na kuelekezwa kwa mtu, huwa tusi. Lugha iliyotukanwa huweza nayo kutukana.

HITIMISHO

Kutokana na mifano hiyo, mambo matatu yanaweza kupendekezwa kwa watafsiri na watunga kamusi.

La kwanza ni kwamba jina la kiumbe wa masimulizi litafutwe katika lugha ya wasimulizi, si katika Kiingereza kilichosimama katikati. Yeti abaki yeti, na maelezo yaseme kuwa ndani ya jina mna jabali na dubu. Chemosit abaki chemosit, na dubu wa Nandi aachwe kwa walowezi waliomzua.

La pili ni kwamba makundi ya majina yasichanganywe. ‘Zimwi’ litengewe viumbe wa ngano walio jamaa ya mzimu, kama irimũ na izimu. Kwa kiumbe ambaye wasimulizi wake wanamhesabu kuwa mtu wa porini, Kiswahili kina ‘mtu wa mwitu’, na kwa njia ya viambishi kina jitu na kijitu, ambavyo vyote vinalihifadhi shina la mtu ndani yake. Yeren aweza kuwa mtu wa mwitu. Agogwe wa Hichens aweza kuelezwa kuwa kijitu. Na hakuna kati yao anayestahili kuitwa zimwi kwa sababu tu hajulikani.

La tatu, na zito kuliko yote, ni kwamba pale ambapo jina limekwisha kumwangukia mtu aliyeishi, mtafsiri asilifuate jina. Habari za Zana zikiandikwa kwa Kiswahili, aandikwe katika ngeli ya kwanza tangu sentensi ya mwanzo: mwanamke aliyekamatwa, aliyefungwa, aliyezaa, aliyekufa. Akipewa li- hata mara moja kwa ajili ya kuwatisha wasomaji, Kiswahili kitakuwa kimerudia kosa la kijiji kile cha Abkhazia, na safari hii aliyekosewa atakuwa mtu wa kwao.